Santorini Mlale Siku Mbili, Naxos Nne: Ushauri kwa Wanandoa Wanaoitamani Ugiriki

Wanandoa wengi wanaotamani kwenda Ugiriki wana picha moja kichwani: nyumba nyeupe zilizong'ang'ania ukingo wa jabali, kuba za buluu, na bahari chini kabisa. Hiyo ni Santorini, tena ni upande mmoja tu wa Santorini. Ushauri wetu ni kwamba hapo mlale siku mbili, na siku zilizobaki mzipeleke Naxos, kisiwa jirani kilicho kikubwa zaidi na chenye bei nafuu. Anayelala Oia, kijiji cha ukingoni kwenye picha hizo, siku sita analipia mandhari ambayo siku ya tatu ameshaizoea, na baharini hajaingia.

Hajaingia kwa sababu ukingoni pale hakuna ufukwe wa mchanga. Ukingo ule ni mdomo wa volkano iliyolipuka miaka takriban 3,600 iliyopita, katikati ya kisiwa ikazama, ukabaki ukuta wa mwamba unaofika mita 300 juu ya maji. Fukwe ziko upande wa pili, Kamari na Perissa, na mchanga wake mweusi ukipigwa na jua la saa saba mchana unachoma nyayo. Bila ndara hamfiki majini. Naxos, kwa upande wake, kina fukwe ndefu za mchanga mweupe zinazofuatana kusini mwa mji mkuu wake, Chora: Agios Prokopios, Agia Anna, kisha Plaka, na basi linazipitia zote. Kina pia mashamba, viazi vinavyosifika Ugiriki nzima, jibini la graviera, na mlima Zas unaopita kidogo mita 1,000. Ni kisiwa ambacho watu wanaishi na kulima, hakitegemei wapiga picha peke yao.

Ratiba inayokaa vizuri ni ya kulala siku nane: Athens moja, Naxos nne, Santorini mbili, kisha Athens moja ya mwisho. Hiyo ya mwisho ndiyo watu huikata ili kuokoa hela, nasi ndiyo tunayoisisitiza kuliko zote. Sababu ni upepo, tutaufikia.

Mwezi wa kwenda ni Septemba, hasa wiki tatu za kwanza. Bahari ya Aegean hupata joto polepole. Mei jua linawaka lakini maji yako kwenye nyuzi 19 hivi, na kwa aliyezoea kuogelea Nungwi au Diani hiyo ni baridi ya kumtoa mtu mbio. Septemba yanafika 24. Agosti ni ghali na kumejaa, kwa sababu Wagiriki wenyewe wako likizo, na siku za kuelekea tarehe 15, sikukuu ya Bikira Maria, tiketi za meli huadimika. Kuanzia Novemba hadi Machi hoteli nyingi za visiwani hufungwa. Saa hamtabadilisha: tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba Ugiriki na Afrika Mashariki zina saa zile zile. Ila jua huchelewa kuzama, Juni saa 2:40 usiku, katikati ya Septemba kama saa 1:30.

Viza ni ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini sheria inawaruhusu hadi 45, na nafasi za miadi hujaa kiangazi kinapokaribia. Kwa safari ya Septemba, tafuteni miadi Mei. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, hairudi hata mkikataliwa, na kituo kinachopokea maombi huongeza ya kwake. Hakuna fomu ya wanandoa: kila mmoja anajaza yake na kulipa yake. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu, iwe imetolewa ndani ya miaka 10, na ibaki hai miezi mitatu baada ya siku ya kurudi. Bima ya safari ifike angalau euro 30,000 na ihudumie nchi zote za Schengen. Hesabuni tarehe zake kwa siku mnazoingia na kutoka, maana bima inayopungua siku moja ni sababu tosha ya kurudishwa dirishani. Wakati wa kuinunua, ulizeni pia kama inalipa safari ikivunjwa na tetemeko. Mapema 2025 Santorini ilitikisika kwa wiki kadhaa na maelfu ya wakazi wakahama kwa muda.

Kinachowaangusha wengi ni taarifa ya benki. Afisa hatazami salio la mwisho peke yake. Anarudi nyuma miezi mitatu hadi sita, aone mshahara ukiingia na kodi ya nyumba ikitoka. Milioni nane zikitua wiki moja kabla ya miadi zinasomeka kama za kuazima. Kama ni fedha ya upatu au ya kiwanja mlichouza, ambatisheni barua ya kikundi au hati ya mauzo, na maelezo ya mistari mitatu. Mwajiriwa apeleke barua ya likizo inayotaja tarehe ya kurudi kazini. Mwenye biashara apeleke leseni na karatasi za kodi. Mmoja akimlipia mwenzake, cheti cha ndoa ndicho kinachowaunganisha. Kikiwa cha Kiswahili, kitafsiriwe Kiingereza na mfasiri anayetambulika. Herufi ya jina ikipishana kati ya pasipoti na cheti, wahini kiapo cha majina kabla hamjaulizwa.

Tiketi ya ndege msiilipe kwanza. Kinachotakiwa ni uthibitisho kwamba nafasi imeshikwa, na hoteli zishikwe zile za kufuta bure. Viza huombwa kwa nchi mtakayolala siku nyingi zaidi, kwa hiyo mkichomeka Paris siku tano ili kuwaona ndugu, na Ugiriki mkabakiza nne, mmebisha hodi mlango usio wenu. Wanaoishi Ujerumani au Uholanzi kwa kibali cha ukaazi hawahitaji viza hii. Walioko Uingereza au Omani na pasipoti za nyumbani wanaihitaji, na wanaiombea huko huko wanakoishi.

Mnapotua Athens, mfumo wa mpakani ulioanza Oktoba 2025 unapiga picha na kuchukua alama za vidole, na foleni inaweza kuwa ndefu. Ndiyo maana siku ya kwanza mnalala Athens badala ya kukimbilia meli. Treni ya chini ya ardhi, mstari wa 3, inatoka uwanja wa ndege hadi bandari ya Piraeus bila kubadilisha, nauli euro 9 kwa mtu, mwendo wa saa moja hivi. Ikishalala, basi la X96 linafanya kazi usiku kucha.

Sasa meli. Kwenye tiketi Santorini huandikwa Thira, msishtuke. Zipo za aina mbili. Meli kubwa ya kawaida hufika Naxos kwa saa tano na kitu, na kama saa nane hadi Santorini. Nauli ya kawaida huwa kati ya euro 40 na 60. Boti ya kasi hupunguza muda sana lakini bei hukaribia mara mbili, mnafungiwa ndani kwenye viti, na bahari ikichafuka inarusha. Chagueni meli kubwa. Kuna sitaha ya kukaa nje, kuna mgahawa, na hata tumbo jepesi linavumilia. Kutoka Naxos hadi Santorini ni saa moja na nusu hadi mbili tu, hapo yoyote itafaa.

Upepo unaoitwa meltemi unavuma kutoka kaskazini, mkali zaidi Julai na Agosti, na mara nyingi mbingu ikiwa safi kabisa, kwa hiyo kuangalia mawingu hakusaidii kitu. Tazameni utabiri wa nguvu ya upepo kwa kipimo cha Beaufort. Ikifika 8, kwa kawaida mamlaka ya bandari huzuia meli kubwa kuondoka. Boti za kasi husimamishwa kabla ya hapo. Hii ni sababu nyingine ya kutokata tiketi ya boti ya kasi kwa safari ya mwisho. Safari ikizuiwa, kampuni hurudisha nauli au huwapa nafasi meli inayofuata, lakini ndege ya kurudi nyumbani mliyoikosa ni juu yenu. Septemba upepo hupungua, ila hauishi, na ndiyo sababu ya ile siku ya mwisho Athens.

Piraeus ni kubwa, na mageti yake yana namba kuanzia E1 hadi E12. Meli za visiwa hivi nyingi huondokea E6 au E7, jirani na kituo cha treni, lakini thibitisheni siku hiyo hiyo, maana kutoka geti moja hadi jingine na mabegi ya magurudumu mnaweza kutembea nusu saa. Fikeni saa nzima kabla. Mnaingilia nyuma, kwenye mlango ule ule wa magari, na mabegi makubwa yanaachwa chini kwenye rafu zenye majina ya visiwa. Soma jina la rafu kabla ya kuweka. Begi la Naxos likiwekwa rafu ya Santorini halitawangoja. Dawa, pasipoti na fedha pandeni nazo juu.

Kushuka ndiko kunakowababaisha wageni. Meli hukaa gatini dakika chache tu. Tangazo la kisiwa chenu likisikika, shukeni chini mara moja, mchukue mabegi, msimame na wenzenu kwenye nafasi ya magari. Humo mna joto, moshi, na pikipiki zinazonguruma pembeni. Mlango wa chuma huanza kuteremka meli ikiwa bado inarudi nyuma kuelekea gatini, mwanga unaingia kwa chini, na kabla haujatulia mabaharia wameshaanza kupunga mikono watu watoke. Wa kungojea watu wapungue ndiye anayepelekwa kisiwa kinachofuata.

Santorini meli zinatia nanga Athinios, chini ya jabali, na barabara ya kupanda ina kona za kukunja shingo. Mabasi husubiri meli na kupeleka watu Fira, mji mkuu wa kisiwa. Kila njia ya basi kisiwani hupitia Fira, hivyo kutoka ufukweni kwenda Oia lazima mbadilishe hapo. Kwa siku mbili, laleni Fira, Firostefani au Imerovigli. Mandhari ni ile ile ya Oia, na jioni hamna haja ya kugombania basi la kurudi. Machweo ya Oia ni mazuri, lakini watu hushika nafasi kwenye magofu ya ngome saa mbili kabla, bega kwa bega. Asubuhi saa moja mtaa ule ule ni mtupu, na ndiyo saa ya picha.

Kabla ya kulipia chumba cha ukingoni, waandikieni hoteli maswali matatu. Kuna ngazi ngapi kutoka barabarani hadi mlangoni? Nani anabeba mizigo? Bwawa la kuogelea la chumba linaonekana na wapita njia wa juu? Vyumba vimepangwa kama ngazi, kila kibaraza kiko juu ya paa la mwenzake, na bwawa linaloitwa la faragha mara nyingi hutazamwa na jirani pamoja na njia nzima ya watalii. Mke anayejisitiri atalipia maji asiyoweza kuyatumia.

Pale mapokezi kuna tozo ya serikali ambayo mara nyingi haimo kwenye bei mliyolipa mtandaoni. Kuanzia Aprili hadi Oktoba, kwa chumba kwa usiku, ni euro 2 kwa hoteli ya nyota moja au mbili, 5 kwa nyota tatu, 10 kwa nne na 15 kwa tano. Nyumba za kupanga kwa muda mfupi kwa kawaida ni 8. Chooni, karatasi inatupwa kwenye pipa la pembeni, mabomba ni membamba. Maji ya bomba Santorini si ya kunywa.

Msikodi pikipiki ya magurudumu manne kwa sababu kila mtu anayo. Leseni za Tanzania na Kenya zinahitaji kibali cha kimataifa cha udereva, kinachotolewa nyumbani na chama cha magari, na pikipiki ya kawaida inadai daraja la pikipiki kwenye leseni. Kuna mkodishaji asiyeuliza chochote. Kampuni ya bima itauliza mkishaanguka. Naxos, ambako vijiji vya mlimani viko mbali, kodini gari dogo siku moja na kibali mkononi.

Kwenye chakula, wasiokula nguruwe wawe macho: gyros na souvlaki kwa kawaida ni nguruwe. Ulizeni kotopoulo, yaani kuku, lakini msitarajie halali visiwani. Samaki, saladi za nyanya, maharage makubwa ya gigantes, na fava ya Santorini, uji mzito wa mbegu za njano za jamii ya kunde wenye mafuta ya zeituni, vitawashibisha vizuri. Samaki mzima huuzwa kwa kilo. Bei ya kwenye menyu ikiwa 70, si ya sahani. Mwambieni mhudumu ampime mbele yenu na ataje jumla kabla hajaenda jikoni. Kinyota pembeni ya jina la chakula mara nyingi ni alama kwamba kimegandishwa; sharti hilo ni la sheria, nayo ni sababu nzuri ya kusoma menyu hadi chini.

Kwa ile asubuhi ya mwisho Athens, kama ndege ni ya jioni, kateni mapema tiketi ya saa mbili asubuhi ya Acropolis, magofu ya kale juu ya kilima. Huuzwa kwa saa maalumu, euro 30 kwa mtu tangu Aprili 2025, na kufikia saa tano mawe yale yameshapata moto.