Jina lako chini ya jiwe

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristu.

Ujumbe wako wa Jumapili nilimsomea mama yako usiku, mara mbili. Unasema parokia yenu hapo Nakuru imekupa kazi ya kuchonga vituo vyote 14 vya Njia ya Msalaba, na ulipotaja kwamba utaweka jina lako, mtu mmoja wa jumuiya akakwambia msanii Mkatoliki hatafuti sifa. Ukaniuliza: "Baba, nikitamani kazi hii ipite zote nilizowahi kufanya, na watu wajue ni yangu, hicho si kiburi?" Nimechelewa kukujibu kwa sababu swali lako limegusa kidonda changu cha zamani.

Ulikuwa darasa la pili. Padre alikuja hapa kwetu Tabaka, Kisii, akaniambia kuna maonyesho ya sanaa za kanisa Nairobi, akaniomba nipeleke sanamu moja. Nilikuwa nayo, Mama Maria wa jiwe jeupe, kazi ya miezi mitatu. Nikamjibu, "Padre, wako wengi wanaonizidi." Jumapili iliyofuata akanisifu mbele ya waumini kwa unyenyekevu wangu, nami nikainamisha kichwa nikazipokea sifa hizo. Ukweli, ambao sijamwambia mtu ila mama yako na padre wa kitubio, ni kwamba niliogopa. Niliogopa sanamu yangu isimame kando ya za wenzangu ionekane si kitu. Mama Maria yule alikaa chini ya kitanda amefungwa gunia, mpaka nikamuuza kwa dalali kwa bei ya vile vinyama tunavyowachongea watalii.

Miaka mingi baadaye, kwenye kozi ya makatekista, ndipo nikasikia ugonjwa wangu una jina. Mtakatifu Thoma wa Akwino, yule wa karne ya 13, anauita udogo wa moyo, na anasema ni dhambi. Mfano wake ni yule mtumishi wa Mathayo 25 aliyechimba shimo akaifukia talanta ya bwana wake kwa woga. Niliketi pale kwenye benchi uso unaniwaka, nikikumbuka lile gunia. Kinyume cha dhambi hiyo ni ukuu wa moyo, na Thoma anauhesabu kuwa fadhila, kama anavyouhesabu unyenyekevu. Hazigombani, mwanangu. Unapotazama vipaji ulivyopewa na Mungu, unathubutu makubwa. Unapotazama upungufu wako mwenyewe, unajishusha. Ni mtu yule yule, siku ile ile, tena mara nyingine kwa pigo lile lile la patasi.

Kujishusha kwenyewe, sisi tunaochonga, jiwe linatusaidia. Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaandikia wasanii barua siku ya Pasaka, tarehe 4 Aprili 1999, akamtofautisha Muumba na fundi: Mungu huumba pasipo kitu, fundi hukipa sura kitu ambacho tayari kipo. Kila nikishuka machimboni nalikumbuka hilo. Jiwe linatoka na unyevu wake na rangi yake, na sikuchangia chochote.

Basi kiburi kiko wapi? Mimi nimekikuta sikioni kuliko mahali pengine popote. Ule mwaka wa msalaba mkubwa, mama yako alikuwa akiupiga msasa kwenye beseni la maji, akasimamisha mkono. Akapitisha kidole gumba chini ya kwapa la Kristo, polepole, mara ya pili tena, akasema, "Baba, hapa pana ufa." Nikamwambia apige msasa tu. Wiki ile mnunuzi mmoja alikuwa amenisifu sana, na sifa zilikuwa bado zinanipigia ngoma kichwani. Akachukua mpini wa kisu akagonga. Wewe unajua: jiwe zima hulia kama kikombe, lenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Lilitoa sauti iliyokufa. Nilisikia, nikajifanya sikusikia. Siku tuliyoupasha moto ili nta ishike, mkono wa Kristo ulibaki mkononi mwangu.

Kwa hiyo usijipime kwa ukubwa wa unachokitamani. Tamani vituo 14 vitakavyomfanya mtu ashindwe kuondoka. Jipime siku paroko atakapokwambia uso wa Veronika, yule mama aliyempangusa Yesu uso njiani, haujakaa vizuri, baada ya wewe kuukesha. Na ukisikia mwenzako wa Kisumu amepewa kanisa kubwa kuliko lako, angalia moyo wako unafanya nini usiku huo. Wangu uliwahi kuninyima usingizi kwa jambo kama hilo, nikaupeleka kitubioni, na haikuwa mara moja.

Sasa jina. Hapo sikubaliani na huyo wa jumuiya, ingawa naamini alikusudia mema. Soma Kutoka sura ya 31: Mungu anamwambia Musa kwamba amemwita Bezaleli mwana wa Uri kwa jina lake, akamjaza roho yake, apate ustadi wa kukata mawe na kuchonga mbao kwa ajili ya hema takatifu. Jina la fundi limo ndani ya Maandiko. Na Michelangelo, yule mchongaji mkuu wa Italia, alilichonga lake kwenye ukanda unaopita kifuani pa Bikira Maria, katika ile sanamu amempakata Mwanawe aliyekufa, iliyo ndani ya Basilika ya Mtakatifu Petro. Ndiyo pekee aliyoitia sahihi. Mimi pale kifuani nisingeandika, kwa kweli; anayesali asikutane na jina langu kabla hajafika kwenye uso wa Mama. Wewe weka chini au nyuma: jina lako, mwaka, na Tabaka.

Usisahau Tabaka. Watu wa huku tumechonga baba kwa mwana, mawe yetu yamefika Ulaya na Marekani, na huko kwenye rafu hakuna ajuaye ni mkono wa nani. Bei ikipanda njiani, haimrudii aliyechonga. Babu yako alifariki bila kuacha kazi hata moja yenye jina lake. Sitaki mtu yeyote akwambie huo ulikuwa unyenyekevu. Hakuna aliyewahi kumuuliza jina, na yeye alihitaji hela ya unga jioni ile ile.

Mawe yako nimeyachagua mwenyewe, meupe, nimeyagonga moja moja. Ni 16, mawili ya akiba. Yatakuja na lori la Ijumaa. Yakifika yafunike kwa magunia yaliyoloweshwa, yasikauke kabla hujaanza. Mama yako amefunga msasa na kopo la nta ndani ya shuka ya bluu. Anasema usipake nta kituo cha sita kabla hujamtumia picha, anataka kuiona ile pua ya Veronika.

Baba yako