Kabla hujalipia upanga wa Kirumi wa igizo la Pasaka

Kwaresima ikikaribia, maswali huwa yaleyale: upanga wa askari wa Kirumi unapatikana wapi, na ninunue upi? Safari hii msomaji anayesimamia igizo la Ijumaa Kuu parokiani kwao ametuma picha ya upanga alioukuta mtandaoni. Unang'aa kama kioo, kipini kina rangi ya dhahabu, na katikati ya ubapa umechimbwa mfereji mrefu. Anauliza kama bei ni nzuri. Bei haina neno. Ubaya uko kwenye upanga, na karibu wote unaonekana pichani.

Tuanze na huo mfereji. Upanga mfupi wa Kirumi wa karne ya 1, yaani gladiusi, hauna mfereji. Una tuta linalopita katikati ya ubapa kutoka kwenye kipini hadi ncha, na ukiukata kwa upana unapata umbo la almasi iliyobanwa. Wauzaji wanachimba mfereji kwa sababu panga za filamu za zama za kati zinao, na mnunuzi anaona "huu ndio upanga". Mng'ao wa kioo nao ni dalili kwamba chuma hicho huenda ni stenlesi. Hapo ndipo penye hatari, na nitaparudia.

Gladiusi ziko za aina zaidi ya moja, na kwa igizo la mateso ya Bwana aina ina maana yake. Pontio Pilato alitawala Uyahudi kuanzia mwaka 26 hadi 36, chini ya Kaisari Tiberio. Wakati huo upanga uliotumika ni ule unaoitwa aina ya Mainz, kwa jina la mji wa Ujerumani zilikopatikana kadhaa. Ubapa wake una urefu wa sentimita 50 hadi 55 hivi, ni mpana karibu na kipini, kama sentimita 7, unabanwa kidogo katikati, unapanuka tena, kisha unaingia kwenye ncha ndefu kali. Mfano mzuri kuliko yote uko Makumbusho ya Uingereza jijini London: ulipatikana Mainz mwaka 1848, na kwenye ala yake amechongwa Tiberio mwenyewe akiwa ameketi. Ukitaka upanga wa askari wa Pilato, picha ya huo ndiyo umtumie mhunzi.

Aina ya pili ni ya Pompeii, na ndiyo inayouzwa zaidi. Makali yake mawili yamenyooka sambamba, upana ni kama sentimita 5, urefu wa ubapa sentimita 45 hadi 50, na ncha ni fupi ya pembetatu. Aina hii ilikuja kuenea baadaye katika karne hiyo. Jina imelipata kwenye mji uliofukiwa na volkano ya Vesuvio mwaka 79. Kwa igizo la Pasaka imechelewa kidogo. Hakuna muumini atakayesimama kanisani kulalamika, lakini ukiwa unanunua upya na bei ni ileile, kwa nini ununue usio wa wakati wa Pilato? (Na kwa wale wanaopenda kubishana: legioni, yaani vikosi vikuu vya jeshi la Kirumi, zilikuwa Siria. Askari wa Pilato walikuwa wengi wao vikosi vya wasaidizi vilivyokusanywa maeneo ya huko huko.)

Sasa turudi kwenye chuma, kwa sababu pesa yako inatakiwa iende huko. Stenlesi ni nzuri kwa kisu cha jikoni chenye ubapa mfupi. Katika ubapa wa nusu mita inakuwa ngumu na kavu: ukiipiga kwenye kitu kigumu haipindi ikarudi, inakatika. Na kinachokatika mara nyingi si ubapa, ni mkia, yaani kile chuma kinachoingia ndani ya kipini. Kwenye panga za kutundika ukutani mkia huwa ni nondo nyembamba ya skrubu iliyochomelewa nyuma ya ubapa. Pale pa kuchomelea chuma kimepata joto na kupoteza nguvu, na pembe ya ubapa na mkia imekatwa mraba, kwa hiyo mshtuko wote unakusanyika kwenye mstari mmoja. Ukivurumisha upanga kwa nguvu, hata hewani tu, nondo inakatika, wewe unabaki umeshika kipini, na nusu kilo ya chuma chenye ncha inaelekea kwa kina mama wa kwaya.

Upanga wa kutumika unafuliwa kwa chuma cha kaboni au cha springi. Muuzaji mkweli atakutajia namba ya aina ya chuma: 1060, 1075, 5160, EN45. Atakuambia pia kwamba umetiwa matiko, yaani umepashwa moto na kupozwa ili uwe mgumu bila kuvunjika ovyo, na ugumu wake ni kati ya 48 na 52 kwa kipimo cha Rockwell C. Chini ya hapo unapinda na kubaki umepinda. Juu sana unaanza kumeguka kwenye makali. Mkia uwe kipande kimoja na ubapa, upana wake usipungue theluthi moja ya upana wa ubapa pale unapoanzia, na pembe zake ziwe za mviringo. Upite ndani ya kinga ya mkono, ndani ya mshiko, ndani ya tufe la mwisho, utokeze nyuma, na hapo ugongwe kwa nyundo juu ya kibati cha shaba hadi utanuke kama kichwa cha ribiti. Hivyo ndivyo Warumi walivyofanya. Wengine wanafunga kwa nati. Inakubalika, mradi uikaze kila kabla ya mazoezi.

Kabla ya kulipa, omba vitu vitatu: uzito bila ala, picha ya nyuma ya tufe, na picha ya upanga ukitazamwa kutoka ncha kuelekea kipini. Uzito wa Mainz wa kuigwa uwe kati ya gramu 800 na kilo 1. Ukizidi kilo 1.2, jua ubapa haukupunguzwa unene kuelekea ncha, na mkono wa kijana wa miaka kumi na saba utachoka kabla ya kituo cha tano cha Njia ya Msalaba. Muuzaji anayekujibu "ni chuma imara sana, mteja wangu" bila kutaja namba hata moja, muache. Wapo wengi, wana maneno matamu, na upanga ukishakatika hawapokei simu.

Ukiufikisha nyumbani, uupime mwenyewe. Utikise karibu na sikio. Ukisikia tiki-tiki, kipini kimelegea. Ushike kwa vidole viwili karibu na kipini, ugonge ubapa kwa kifundo cha kidole: mlio mrefu ni dalili njema, mlio uliokufa ni dalili ya kitu kilicholegea au ufa. Weka ncha kwenye ubao laini, sukuma taratibu hadi ubapa upinde sentimita 3 hivi katikati, kisha achia. Lazima urudi mnyoofu. Usisukume zaidi ya hapo kwa kutaka kuwaonyesha watu. Mwisho, uweke juu ya kidole kimoja: sehemu ya kusawazika iwe sentimita 5 hadi 10 mbele ya kinga ya mkono.

Mshiko wa gladiusi una mabonde manne ya vidole na ulikuwa wa mfupa au mti, mwembamba kuliko watu wanavyotarajia. Mabonde ya panga nyingi za kuigwa yamechongwa kwa mkono mkubwa. Kama kidole kidogo kinakalia tuta badala ya bonde, piga msasa namba 120 kisha 240, upake mafuta ya kitani. Kazi ya jioni moja.

Kuhusu makali sina mjadala: kwa igizo nunua butu. Ukingo uwe na unene wa milimita 2 au zaidi, na ncha iwe imezungushwa. Usinunue mkali ukidhani fundi wa mtaani atauua makali kwa grenda. Joto la grenda linaondoa matiko kwenye ukingo, na ukingo laini unapata meno kila unapogusana na chuma kingine. Ncha ya Mainz hata ikizungushwa bado ni nyembamba, inaweza kutoboa jicho au kuvunja jino. Kwa hiyo hakuna kuchoma kuelekea usoni, na kila mchomo uishie urefu wa mkono mmoja kabla ya mwili wa mwenzako.

Katika igizo lenyewe, upanga wa askari wa Kirumi unakaa alani karibu muda wote. Ubavu wa Yesu ulichomwa kwa mkuki. Anayechomoa upanga ni Petro, na yeye apewe wa mti au wa mpira, kwa sababu ndio unaokwenda karibu na sikio la mtu. Ndiyo maana nasema bajeti ikiwa finyu, ipeleke kwenye ala nzuri: mti mwembamba uliovikwa ngozi, mabati ya shaba, na pete nne za kuning'inizia. Watazamaji wataona hiyo kwa saa mbili na ubapa kwa sekunde kumi.

Askari wa kawaida aliuvaa upande wa kulia, akida upande wa kushoto. Kuuchomoa kutoka kulia kwa mkono wa kulia kunawachanganya wengi. Upanga uning'inie juu, tufe likaribie mbavu. Geuza kiganja kitazame nje, dole gumba chini, shika, vuta wima moja kwa moja juu hadi ncha itoke, ndipo ugeuze mbele. Ukianza kugeuza mapema ncha inakwama kwenye mdomo wa ala na kuupasua. Kuurudisha, tazama chini. Filamu zinadanganya. Mkono wa kushoto ushike ala chini ya mdomo wake, vidole visivuke juu ya tundu.

Mazoezi yafanywe kwa mti. Vegetius, mwandishi wa mambo ya kijeshi wa mwisho wa dola ya Kirumi, anaeleza kuwa makuruta walipewa panga za mti zenye uzito mara mbili ya za kweli, wakapiga nguzo iliyosimikwa ardhini. Huhitaji uzito huo. Panga za mti mkavu zitatosha hadi kila mmoja ajue hatua zake. Chuma kije wiki ya mwisho.

Baada ya kila onyesho pitisha kitambaa cha pamba kwenye makali. Kikinasa, pana jino. Lilainishe kwa tupa bapa kwa kufuata urefu wa ubapa, si kukata upande, kisha msasa 240. Ukiona ufa, hata mdogo kama unywele, upanga huo umestaafu, uning'inize ukutani.

Kutu ndiyo adui mkubwa, hasa kwa walio Mombasa, Unguja au Maskati, kwenye hewa ya chumvi. Jasho la kiganja linaacha alama za vidole usiku mmoja tu. Futa ubapa, upake mafuta mepesi ya cherehani, utando mwembamba. Mafuta ya nazi na ya kupikia yanaganda na kunata, yaache jikoni. Kutu ikianza, msasa 400 wenye mafuta, kwa urefu wa ubapa. Na usiuhifadhi ndani ya ala: ngozi inabeba unyevu na dawa za kiwandani, inakula chuma na kuigeuza shaba kuwa kijani. Ufunge kwenye kitambaa kilichopakwa mafuta, ala ikae kando.

Ukiusafirisha kwa ndege unakwenda kwenye mzigo wa chini, kamwe si mkononi, na watu wa forodha waulizwe kabla ya kuagiza. Uingereza, kutembea na upanga hadharani bila sababu ya msingi ni kosa. Igizo ni sababu, lakini uwe umefungwa ndani ya begi, pamoja na barua ya paroko yenye tarehe na mahali pa onyesho.