Jibu: Bluu ya kadi imetoka zambarau na jina limekatwa pembeni

Pole ndugu kwa kadi zako za biashara kutoka hivyo. Hiyo bluu si kosa la mwenye mashine. Umechora kwa RGB, rangi za mwanga wa skrini, na mashine inachapa kwa wino wa CMYK, yaani sayani (bluu ya kijani), majenta (waridi iliyokolea), njano na nyeusi (K). Badili faili iwe CMYK mapema, kisha angalia namba za rangi yenyewe, yaani asilimia ya kila wino: sayani ikiwa 100 na majenta 90, zambarau haikwepeki. Shusha majenta hadi 60 hivi. Maandishi madogo meusi yaache kwenye K 100 peke yake, la sivyo sahani za kuchapia, moja kwa kila wino, zikipishana kidogo tu utaona kivuli cha rangi pembeni mwa herufi.

Kuhusu kukatwa: kadi ya milimita 90 kwa 55 itengenezee faili ya 96 kwa 61, yaani milimita 3 za ziada kila upande zitakazokatwa, rangi ya mandharinyuma ifike hadi mwisho, na jina likae angalau milimita 3 ndani ya mstari wa kukatia. Picha ziwe nukta 300 kwa inchi.

Geuza fonti, yaani herufi za maandishi, ziwe michoro, hifadhi PDF. Na tafadhali, usiitume WhatsApp kama picha, inabanwa. Itume kama dokyumenti. Kabla hawajachapa zote, dai nakala moja ya majaribio.