Maswali ya mwani: mbegu, ncha nyeupe na mchanga kwenye gunia

Maswali yamekuja mengi jamani, leo najibu haya manne.

"Dada, nataka kuanza kulima mwani Pemba, nahitaji mbolea na maji ya kisima?"

Wala, mwani unakula kilichomo humo humo baharini, we tafuta vijiti, kamba, taitai za kufungia na mbegu, yaani vipande vya mwani mzima, basi. Ila usipande karibu na mdomo wa mto, maji matamu yanaua mwani, na chagua pahala ambapo hata maji yakitoka sana siku za bamvua mwani unabaki umelowa.

"Nianze na spinosum au cottonii?"

Hizo ni aina mbili za mwani. Bei nzuri iko kwa cottonii, lakini bahari imepata joto na kwenye maji madogo inakufa mno, wenye vyombo ndo wanaipeleka kina kirefu. Anza na spinosum.

"Ncha zimekua nyeupe zinakatika nikizigusa, nifanyeje?"

Pole sana mwanangu, najua uchungu wake. Huo ndo ugonjwa wa aisi-aisi, unapenda kuja kaskazi, msimu wa joto, mchana maji yametoka na yaliyobaki yana moto, mwani unachoka alafu bakteria wanaingia. Hakuna dawa ya kupulizia, asikudanganye mtu akala hela yako. Vuna haraka uliobaki mzima ukaushe, mgonjwa utoe nchi kavu usiuache unaelea ukaenda kwa mwenzio. Mbegu mpya ichague kwa mkono, tawi zima ni gumu na ukilivunja linalia kama tango bichi, gonjwa ni laini linateleza. Ukiona ncha zimeliwa ila hazijapauka, hao ni samaki tasi, sio ugonjwa.

"Mnunuzi anasema mwani wangu mchafu, anakata kilo."

Unaanika mchangani ee? Piga chanja, hata ya miti na wavu mkuukuu, mwani upitishe hewa chini na juu. Kilo 7 mpaka 10 mbichi ndo zinatoa kilo 1 kavu, na umeinama kwenye maji wiki 6 nzima, inauma mtu kukukata kwa ajili ya mchanga. Mvua ikija funika mbio, usiuoshe na maji ya bomba, ukilowa maji matamu unapauka na ute unatoka, na ute wenyewe ndo wanaoununua, ndo karajini inayoenda kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Kabla ya kutia guniani ukung'ute mara mbili, na siku ya kupima kilo nenda na mwenzio.