Mwalimu mpya, angalia nani anashika pipeti

Mwalimu mwenzangu unayeripoti Kilwa, karibu. Watakuambia mapema kwamba ada ya sekondari ya kutwa, ile 20,000 kwa mwaka, ilifutwa 2016, kwa hiyo watoto sasa wako sawa. Ada ilifutwa kweli. Ila ukiingia darasani utakuta kila somo lina mlango wake, na si kila mtoto anapita.

Mimi ni wa kemia. Tulikuwa na bureti tatu, yale mabomba marefu ya kioo yenye vipimo na koki chini, moja imemeguka ncha, na makundi ya watoto kumi kumi. Mvulana mmoja anafungua koki, mwingine anatikisa chupa, wasichana wanaandika vipimo. Nami nikawa nawasifia kwa daftari safi! Siku ya mtihani wa vitendo kila mtu alikuwa peke yake mezani. Msichana mwenye daftari safi kuliko wote aliinua pipeti, kile kijibomba cha kuvutia na kupimia kimiminika, ikitetemeka, akanitazama. Miaka miwili hajawahi kuishika, na mimi nilikuwemo mlemle. Sasa nazungusha zamu: anayeandika leo, kesho yuko kwenye koki. Na vitendo nafanya asubuhi, maana jioni wasichana wanafuata maji.

Usidhani masomo ya sanaa yana nafuu. Mwenzangu wa historia alikuwa na kijana wa Umatumbini. Vita vya Maji Maji, vilivyoanzia huko kwao 1905, amevisikia kwa wazee. Akisimulia mashamba ya pamba ya kulazimishwa, darasa linanyamaza kimya. Karatasini insha ni ya Kiingereza, akapata 3 kwa 20. Mwalimu wake sasa anaanza na simulizi ya Kiswahili, kisha wanatafuta pamoja maneno ya Kiingereza, ndipo wanaandika.

Hisabati sitaisemea sana. Pengo lake linakuja limeshakomaa kutoka shule ya msingi.

Jambo jingine: Kidato cha Nne wanafanya mtihani Novemba, na korosho nazo ndio zinaanguka. Kabla hujaandika “mtoro”, uliza ameenda kuokota shamba la nani. Wa shamba la baba ongea na baba. Anayeokota kwa ujira anatafuta hela ya sare, huyo fimbo haimsaidii.

Na kama maabara haina kitu, pitia duka la dawa ununue sindano za mililita 10, zisizo na ncha. Mtoto atajifunzia kuvuta na kusoma kipimo kwa mkono wake mwenyewe, na ikianguka haivunjiki.