Mpango wa bustani upo, pesa zitoke wapi?

SWALI: Kaunti yetu ilizindua mpango mkuu wa miaka 20 wa bustani za mjini. Huu ni mwaka wa pili na hata benchi moja halijawekwa. Kila tukiuliza tunaambiwa bajeti haitoshi. Tuanzie wapi? – Kikundi cha wakazi, Bonde la Ufa

JIBU: Anzieni kwenye Mpango Jumuishi wa Maendeleo wa Kaunti, ule wa miaka mitano unaoongoza bajeti, wa 2023 hadi 2027. Bustani za umma ni jukumu la kaunti kwa Jedwali la Nne la Katiba, lakini mpango mkuu peke yake hautoi hata shilingi. Mkikuta kwenye huo Mpango Jumuishi "kuboresha maeneo ya burudani" na basi, hamjapata kitu, kwa sababu maneno hayo hayana bei wala mahali. Dai lenu litaje jina la bustani, wadi, nambari ya kiwanja, gharama na mwaka wa kuanza.

Kisha ishikeni kalenda ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mpango wa mwaka hufikishwa bunge la kaunti kabla ya Septemba 1. Mkakati wa fedha, unaopanga kikomo cha matumizi cha kila idara, hufika kabla ya Februari 28, na makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Vikundi vingi hujitokeza Mei kutoa maoni, na wakati huo kikomo kimeshawekwa. Bado mnaweza kusukuma, ila wawakilishi wadi hawaruhusiwi kuongeza fungu moja bila kupunguza jingine. Kwa hiyo mkiomba Sh10 milioni, semeni zitoke fungu gani.

Yanapoharibika zaidi ni kwenye matunzo. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo, na ujenzi wa bustani huingia humo. Mlinzi, maji na mkata nyasi wako kwenye matumizi ya kawaida, na huko mara nyingi hakuna aliyewaandika. Tuseme bustani ina wafanyakazi 7 wa Sh18,000 kwa mwezi: hiyo ni Sh1,512,000 kwa mwaka, kabla ya tone la maji. Pesa hizo zisipokuwapo, mfereji hukatika kichwa na hakuna fungu la kununua kingine. Nyasi hazimalizi kiangazi kimoja. Watu hukata njia katikati, na mvua ikija njia hiyo inakuwa mtaro. Tunawasihi msikubali mradi wowote wa ujenzi usioambatana na hesabu ya matunzo ya miaka 5.

Hakikisheni pia kiwanja kimepimwa na kina hati kwa jina la umma. Bila hiyo wafadhili hawagusi, na wanyakuzi hawakawii.

SWALI: Je, kaunti haiwezi kukopa ili ijenge zote kwa pamoja?

JIBU: Kifungu cha 212 cha Katiba kinairuhusu kukopa tu ikiwa serikali ya kitaifa imetoa dhamana na bunge la kaunti limeidhinisha. Msiutegemee mlango huo kwa viti na miti.

SWALI: Tukitoza ada ya kuingia, pesa zitabaki kwenye bustani?

JIBU: Kwa kawaida hapana. Kifungu cha 207 kinapeleka mapato ya kaunti kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, na kutoka huko yanagawanywa kama mengine. Sisi hatuipendi ada ya langoni: mama mwenye watoto wanne ndiye wa kwanza kurudi nyumbani. Afadhali kukodisha vibanda vya chakula, eneo la harusi na maegesho.

Ili pesa hizo zisipotelee kwingine, shinikizeni uundwe mfuko maalumu chini ya kifungu cha 116 cha sheria hiyo ya 2012, kwa idhini ya kamati tendaji na bunge la kaunti. Kanuni zake ziseme wazi kwamba salio halirudishwi mwaka wa fedha unapofungwa Juni 30. Fungu la kawaida lisilotumika hukoma siku hiyo, hata kama zabuni ilichelewa wiki mbili tu. Minneapolis, Marekani, walilifunga jambo kwa nguvu zaidi mwaka 2016: bodi ya bustani na baraza la jiji zilipitisha sheria ndogo za kutenga angalau dola milioni 11 kila mwaka kwa miaka 20 kwa bustani za mitaani, na zamu ya kila bustani ikapangwa kwa vigezo vya usawa wa rangi na kipato. Ombeni kanuni za mfuko wenu nazo zitaje kiwango cha chini cha kila mwaka na utaratibu wa zamu, maana bila zamu iliyoandikwa, bustani ya kwanza kupambwa ni ile iliyo mbele ya ofisi za kaunti.