Mvuke wa usiku Olkaria: je, haidrojeni itauhifadhi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mchomeleaji vyuma, naishi Naivasha. Usiku wa manane, watu wakishazima taa, kule Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini, mvuke huachiliwa hewani kwa sababu umeme wake hauna wa kuutumia. Jioni yake, saa moja hadi saa tatu, mahitaji yanapanda na mitambo ya mafuta inawashwa. Kwa nini umeme wa usiku usitengeneze haidrojeni, ihifadhiwe, ichomwe jioni? Mdogo wangu ameshaanza kujaribu nyumbani kwa betri ya gari na maji ya chumvi.
Mchomeleaji, Naivasha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mvuke huo hata mimi unaniuma, na swali lako ni la mtu anayeangalia vitu kwa makini.

Nimekuwa fundi wa maabara miaka 22, na kupokea mitungi ya haidrojeni ilikuwa kazi yangu. Mtungi wa oksijeni unaujua. Huu ni kama huo: lita 50, chuma kinene, zaidi ya kilo 60, unauinamisha na kuubingirisha kwa kitako. Gesi ya ndani, hata ikishindiliwa kwa bar 200 (mara 200 hivi ya mgandamizo wa hewa ya kawaida), haifiki kilo moja. Ni gramu 750 hivi. Ukiichoma kwenye mtambo mzuri wa kufua umeme utapata uniti 12 tu. Mtungi wa gesi ya kupikia wa kilo 13 una nishati mara sita ya huo, na chuma chake ni chembamba. Asubuhi moja nilikuta geji iko sifuri: nati ilikuwa imelegea kidogo tu, na gesi yote imeondoka usiku bila harufu wala sauti. Tangu siku hiyo sikufunga mtungi bila kupaka maji ya sabuni kwenye kiungo na kuchuchumaa pale nikitazama kama yatatoa mapovu.

Sasa hesabu. Kutengeneza kilo moja ya haidrojeni, elektrolaiza, mashine inayoyatenganisha maji kwa umeme, hula uniti 50 hadi 55 za umeme, na hapo bado hujaishindilia. Ukiichoma upate umeme tena, unarudishiwa kama uniti 17, au 20 mtambo ukiwa bora sana. Kwa hiyo uniti 100 za usiku zinarudi jioni zikiwa 30 na kitu, zikizidi sana 40. Betri ya lithiamu ingekurudishia 85 au zaidi.

Utaniambia, mama, umeme wenyewe si unatupwa? Uhesabu bure. Haya, tuuhesabu bure. Tuseme elektrolaiza imenunuliwa dola 1,500 kwa kila kilowati na itadumu miaka kumi. Bei hiyo ni ya mfano tu. Ikifanya kazi saa sita kila usiku, gharama ya mashine peke yake, bila riba wala mshahara wa fundi, inaangukia dola 3.80 hivi kwa kilo. Ukigawa kwa uniti 17, ni senti 22 za dola kwa kila uniti, kabla hujanunua tangi, kompresa na mtambo wa kuichomea. Mashine hiyohiyo ikifanya kazi saa 24, gharama inashuka chini ya dola moja kwa kilo. Umeme wa bure wa saa chache unaifanya mashine ya bei ghali ilale mchana kutwa, na hapo ndipo mpango wako unapokwama.

Wapo wanaohifadhi haidrojeni kwa wingi, lakini hawatumii mitungi. Teesside, Uingereza, imekuwa ikiwekwa tangu 1972 ndani ya mapango yaliyochimbwa kwenye chumvi ya ardhini: maji yanaingizwa, chumvi inayeyuka, pango linabaki, na ukuta wa chumvi hauvujishi gesi. Huko Delta, jimbo la Utah, Marekani, mradi mmoja umeandaa mapango mawili ya namna hiyo, kila moja la gigawati-saa 150 hivi za nishati, yaani uniti milioni 150, pamoja na elektrolaiza za megawati 220. Shabaha yao ni jua la majira ya kuchipua litumike miezi ya joto kali. Betri ya kungoja miezi ingekuwa ghali mno. Pango la chumvi halidai kitu likingoja. Wewe unataka kungoja saa 18 tu, tena juu ya mwamba wa volkano wenye nyufa.

Kwa jioni yenu, maji ya mabwawa ya umeme ya Masinga na Kiambere yanaweza kuzuiwa usiku mvuke ukifanya kazi, yafunguliwe saa moja. Nafasi inayobaki ijazwe na betri. Haidrojeni ya Olkaria mimi ningeipeleka kwenye mbolea. Tani moja ya amonia, inayotengenezewa mbolea, inahitaji kilo 178 hivi za haidrojeni, kiwanda kinataka kufanya kazi mchana na usiku, na mkulima hamwombi mtu amrudishie umeme.

Huyo mdogo wako mwambie aache leo. Maji ya chumvi yakipitishwa umeme hutoa klorini, gesi inayochoma mapafu. Na haidrojeni ikiwaka mchana, mwali wake karibu hauonekani. Kama anataka kujifunza, aende kwa mwalimu wa kemia, afanyie nje, bila chumvi, na wewe uweke mashine yako ya kuchomelea mbali naye.